Tui la Watu Wanane

Kwenye kopo la tui linalouzwa dukani kuna jedwali ubavuni. Nishati, mafuta, protini, chumvi, kila kitu kimepangiwa gramu zake. Kopo lenyewe limetoka Thailand, limevuka Bahari ya Hindi kuja kuuzwa Dar es Salaam, na anayelinunua mara nyingi ni mtu wa Tanga, Mafia au Unguja, aliyezaliwa chini ya minazi. Mimi ni mmoja wao. Nikisimama dukani kusoma lile jedwali huwa nashangaa, maana nimelelewa kwa tui na sikuwahi kumsikia mtu hata mmoja akiuliza lina nini ndani. Lilikuwa zito au jepesi. Lilikuwa limeiva au limekatika. Basi.

Jibu lenyewe si siri. Gramu 100 za tui zito la nazi iliyokunwa zina nishati ya kilokalori 230 hivi, na karibu nishati yote hiyo inatoka kwenye mafuta, gramu 24 kasoro kidogo. Kati ya hizo, gramu 21 ni mafuta ya kuganda, yale yanayofanya uto wa nazi uwe mgumu chupani asubuhi ya kipupwe. Protini ni gramu mbili na ushei, wanga gramu tano na nusu. Potasiamu imo ya kutosha, miligramu 263. Magnesiamu ipo, madini ya chuma yapo, miligramu moja na nusu na kidogo. Kalisi ndiyo haba: miligramu 16, wakati maziwa ya ng'ombe ya uzito uleule yana zaidi ya 110. Mama anayemnywesha mtoto tui mahali pa maziwa kwa kuwa yote ni meupe anampa nguvu nyingi ya kukimbilia na vitu vichache vya kujengea mifupa. Bibi yangu alilitia kwenye uji wa watoto, lakini maziwa yakipatikana nayo yalitiwa. Sidhani kama alikuwa na nadharia. Alitia kila alichokuwa nacho.

Ila jedwali la kopo haliwezi kujibu swali dogo tu: tui lipi? Nyumbani halikuwa moja. Kulikuwa na la kwanza, la pili na la tatu, yote ya nazi ileile, na la tatu lilikuwa maji yaliyopita karibu na nazi.

Kwetu Pangani, kwa bibi mzaa mama, kazi ilianzia uani. Kifuo kimechomekwa chini ya mwembe, ncha juu. Mjomba anaipiga nazi pale, anaizungusha, anapiga tena, makumbi yanabanduka. Inavunjwa kwa mgongo wa panga, maji yanakingwa kikombeni na watoto wanagombania kikombe. Halafu ndipo mbuzi inatolewa nyuma ya mlango, na bibi anaikalia kwa upande, kanga kaikaza kiunoni, sinia liko chini ya ule ulimi wa chuma. Alikuna kwa kuzungusha, polepole, na hakufika kwenye kifuu. Ukikwangua mpaka ile ngozi ya kahawia, tui linatoka la kijivu, na yeye atakuuliza kwa upole kabisa unampikia nani. Nazi inatiwa maji ya uvuguvugu, inafikichwa, inaingia kwenye kifumbu cha ukindu, kifumbu kinasokotwa. Pale ndipo ungeona mishipa ya mikono ya bibi, mwanamke mwembamba kama nini. La kwanza lilitoka taratibu, zito, linawekwa pembeni na kufunikwa kawa. Maji mengine, la pili. Maji mengine, la tatu. Machicha kwa kuku.

Jikoni utaratibu ulikuwa kinyume. Kilichotoka mwisho ndicho kilichoingia chunguni mwanzo: mboga, maharage au ndizi zilichemkia kwenye lile tui jepesi mpaka ziive, na la kwanza likangoja hadi moto umepunguzwa. Likishamiminwa, mtu haondoki. Unachota kwa upawa, unamimina, unachota, unamimina, mpaka lichemke sawasawa. Ukienda kuchungulia nani anapita barabarani, tui linakatika, mafuta yanajitenga juu na maji chini. Ladha haiharibiki sana. Heshima ndiyo inayoharibika.

Kazi yote hiyo ilikuwa ya nazi moja. Nazi ya pili ilivunjwa Ijumaa, kwa wali, au akija mgeni wa kweli, si jirani aliyepita kuazima kiberiti. Chungu kimoja cha mboga, nazi moja, na sinia lililozungukwa na watu wanane wakati wa likizo, pengine zaidi. Bibi hakuwa mtaalamu wa lishe. Alikuwa bahili, na minazi yake ndiyo iliyomlipia chumvi, sukari na mafuta ya taa, kwa hiyo kila nazi iliyoingia jikoni ilikuwa nazi ambayo haikwenda kuuzwa.

Nimewahi kukaa na kalamu nikaupigia hesabu ubahili ule. Nyama ya nazi nzuri, tuseme gramu 400, ina mafuta ya gramu 130 hivi. Hata kama bibi angekamua yote, na hakuna mkono unaokamua yote, kwa sababu kuku wa bibi hawakunenepea hewa, kila mtu kwenye sinia lile alipata gramu 16 za mafuta. Kijiko kimoja cha mezani na tone. Katika hizo, mafuta ya kuganda yalikuwa gramu 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku; kwa mtu wa kilokalori 2,000 ni gramu 22. Kwenye chungu kile hapakuwa na mafuta mengine. Vitunguu havikukaangwa, vilikatwakatwa vikaingia pamoja na nyanya. Nyama ya mafuta hatukuiona kwa majuma. Kumbe sinia la watu wanane lilikuwa ndani ya mpaka, na hakuna aliyejua kwamba kuna mpaka.

Na tui halikuliwa peke yake. Liliingia kwenye kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa mpaka kikasahau kwamba kilikuwa jani, kwenye mchicha, majani ya maboga, mbaazi, kunde, pweza, changu aliyebanikwa kwanza. Majani yale ya kijani yana karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na karotini haipiti vizuri utumboni bila mafuta kidogo ya kuibeba. Chakula cha mboga tupu iliyochemshwa kwa maji na chumvi kinapoteza sehemu kubwa ya kilicho bora ndani yake. Wazee walisema mboga bila nazi haishuki kooni. Wasichokijua ni kwamba hata ikishuka haiingii vizuri mwilini. Mbaazi na maharage yalileta protini ambayo tui linayo kidogo tu, dagaa wakaleta kalisi na mifupa yao. Ukiondoa kila kitu chunguni ukabakiza tui, kisha ukalipima maabara, utapata majibu sahihi kabisa kuhusu chakula ambacho hakuna mtu aliyekila.

Na miguu je? Shamba la bibi lilikuwa ng'ambo, upande wa Bweni. Unavuka mto kwa kivuko, kisha unatembea, unalima, unarudi na kuni kichwani. Mkwezi aliyemkwelea alipanda mnazi baada ya mnazi asubuhi nzima, na alipokaa kula ungependa kumtazama tu.

Sasa njoo huku.

Mama yangu alipofikisha umri wa kupimwapimwa, hospitali moja ya jijini ilimkuta na shinikizo la juu la damu na lehemu nyingi, hiyo kolesteroli inayotajwa siku hizi hata na makonda wa daladala. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Akamwambia, "Mama yangu, kuanzia leo nazi basi."

"Nazi basi?"

"Basi kabisa, mama. Nazi ina kolesteroli. Mboga chemsha tu."

"Haya baba," mama akajibu, na tulipofika kwenye gari ndipo akaniuliza kama kisamvu nacho tutamchemshia hivyohivyo, kama tunamlisha ng'ombe.

Nazi haina kolesteroli. Hakuna mmea wenye kolesteroli ya kuhesabika. Hiyo ni mali ya wanyama, na nyingi ya iliyomo damuni mwetu inatengenezwa na ini letu wenyewe. Lakini kijana yule hakuwa mjinga. Mafuta ya kuganda yakizidi, ini linalegea katika kuondoa damuni ile kolesteroli inayoganda kwenye mishipa, nayo inapanda. Mafuta ya nazi yanaipandisha, hilo limepimwa mara nyingi kwa watu. Yanapandisha pia ile inayohesabiwa kuwa njema, jambo ambalo wauza mafuta ya nazi wanalitaja kwa sauti kubwa zaidi kuliko lile la kwanza. Kwa hiyo ushauri ulikuwa na mizizi. Kilichokosekana ni swali la pili: mama, nazi ngapi, kwa watu wangapi, na nini kingine kinaingia jikoni?

Mama alitii. Nazi ikatoka. Na mahali pake hapakukaa tupu hata siku moja. Yakaingia mafuta ya kupima, yale yanayomiminwa kutoka kwenye dumu la njano hadi kwenye chupa ya soda, ambayo mengi yake ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia, na karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda vilevile. Kitunguu kikaanza kukaangwa, maana mboga bila nazi inahitaji kitu. Chapati zikaongezeka, kwa sababu chapati haina nazi. Maandazi ya kununua, chipsi za mjukuu ambazo bibi yake anaonja tu, blubendi kwenye mkate. Mboga za majani zikapungua kwenye sahani, kwa kuwa bila tui hazikuwa na mtu wa kuzitetea. Aliporudi kupimwa alisema kwa kiburi cha mwanafunzi aliyefanya mazoezi yake yote kwamba nazi hajaigusa. Vipimo havikuonyesha shukrani.

Hayuko peke yake. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na ikaonekana karibu robo yao wana shinikizo la juu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana sukari iliyozidi damuni. Uchunguzi huo ulihusu nchi nzima, na sehemu kubwa ya nchi hii haijawahi kupikia nazi. Mtu wa Dodoma hakupandishiwa presha na tui.

Baadaye upepo ukageuka. Kuna siku niliingia duka la vyakula vya afya jijini nikakuta uto wa nazi kwenye kichupa kidogo, bei ya kutisha, na mwenye duka akanieleza kwa imani ya mtu aliyeokoka kwamba unapunguza unene, unaua vijidudu, unanoa akili, kijiko kimoja asubuhi kabla ya kula. Bibi aliuchemsha uto huohuo kwa ajili ya nywele zetu. Habari ya tindikali ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, ina ukweli ndani yake, lakini sifa nyingi inazopewa zilipimwa kwa mafuta mengine yaliyotengenezwa maalumu, mepesi kuliko hayo, ambayo mwili unayachoma haraka. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko la kushauri watu wasitumie mafuta ya nazi. Wakatokea waliokasirika na waliofurahi. Katika makelele yale sikumsikia mtu akizungumzia kisamvu.

Mfano ambao huwa naukumbuka unatoka mbali, visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika Pasifiki, vijisiwa vya mchanga ambako hakioti kitu isipokuwa mnazi na vichache vingine. Daktari Ian Prior na wenzake walichapisha taarifa zao mwaka 1981. Watu wa Tokelau walikuwa wanapata zaidi ya nusu ya nishati yao kwenye nazi, wa Pukapuka kama theluthi. Kolesteroli ya Tokelau ilikuwa juu zaidi, kama daktari wa mama angetabiri. Lakini magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa machache katika visiwa vyote viwili. Walikula samaki na nazi, sukari kidogo, chumvi kidogo, na walifanya kazi za mwili. Wale wa Tokelau waliohamia New Zealand wakala nazi pungufu, na wakanenepa, presha na kisukari vikawafuata. Hii haimaanishi kwamba nazi ni dawa. Nikizisoma taarifa zile namwona mama kwenye foleni ya kliniki na mfuko wa maandazi mkononi.

Hata hivyo, mtu akisema leo nirudishe chungu cha bibi, nitakipata wapi? Minazi ya Pangani imezeeka, mingi ilipandwa na watu ambao makaburi yao yamekwisha kumea miti. Mnazi mrefu wa kwetu unachukua miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuzaa, na kijana wa leo akiwa na kipande cha ardhi karibu na bahari hapandi kitu kitakachomngojesha hivyo, anakipima viwanja. Kuna mdudu chonga anayetoboa kilele. Kuna ule ugonjwa unaoua mnazi mzima: nazi changa zinapukutika, makuti yanageuka manjano, moyo unaoza, linabaki shina tupu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wamehangaika nao tangu miaka ya 1980. Minazi mifupi ya kigeni na chotara wake, iliyoletwa ili izae mapema na kwa wingi, sehemu nyingi ilikufa kwa ugonjwa huo kabla ya ile mirefu ya kienyeji.

Halafu kuna dafu. Sina ugomvi na dafu, nalinywa. Lakini nazi inahitaji karibu mwaka mzima mtini ili ikomae, na dafu linaangushwa likiwa na miezi sita, saba. Wakati huo ndani kuna maji yenye sukari kidogo na potasiamu, na utando laini wa kulamba; mafuta bado hayajajengeka. Yanajengeka baadaye, nyama inapokuwa ngumu. Mwenye shamba anauza dafu leo, anapata fedha leo, na muuza madafu wa jijini anapakia baiskeli yake mpaka haionekani. Kila baiskeli ya madafu inayopita ni vyungu ambavyo havitapikwa. Ndiyo maana bei ya nazi inapanda hata mahali inapoota, na kopo la Thailand linapata nafasi kwenye rafu.

Na kopo halina ubahili wa bibi. Hakuna mkono unaochoka. Unalikata, unamimina lote, maana nusu kopo utaiweka wapi. Nyumbani kwangu tuko watatu. Kopo moja la mililita 400 lina mafuta kama gramu 80, hivyo kila mmoja wetu anapata gramu 27, na hapo kitunguu kimeshakaangwa. Mafuta ya kuganda peke yake yamepita ule mpaka wa siku nzima, kwa mlo mmoja, kwa watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kwenye gari hadi kwenye lifti. Mashine ya kukunia nazi sokoni nayo ni hivyohivyo: sekunde chache, mfuko umejaa, na kijana anakuuliza, "Nikune ngapi, mama?" Mbuzi haikuwahi kuniuliza hivyo.

Kwa mama tulifikia mapatano, baada ya daktari mwingine, mwanamama wa makamo, kumuuliza anakula nini tangu asubuhi mpaka usiku na kuandika yote bila kukunja uso. Alipofika kwenye maandazi aliandika kwa muda mrefu kidogo. Dawa za presha ziliendelea, chumvi ikapunguzwa, dumu la njano likahamishwa nje ya jiko, na nazi ikarudi kwa masharti. Jumapili, wajukuu wakija na sinia likazungukwa, inakunwa nazi moja nzima na tui la kwanza linaruhusiwa. Siku za katikati ni robo ya nazi, tui la pili, kwenye kisamvu au mbaazi. Nazi iliyobaki inafungwa kwenye mifuko midogo na kuwekwa kwenye friza.

Hapo kwenye friza ndipo tuliposhindwana. Mama anasema tui la nazi ya friza linanuka friji, na hakuna mtu wa Pangani atakayelisha mgeni kitu kile. Anataka nazi ivunjwe siku ileile ya kupikwa. Nikimuuliza robo tatu zinazobaki ziende wapi, ananijibu kwamba hiyo si kazi yake, nitafute watu wa kula.